Kutembea ndani ya jengo ambalo bado kujengwa

Mwenye kujenga anaonyeshwa plani kwenye karatasi. Anaitika, analipa, ukuta unapanda. Siku ya kuingiza viti ndipo anaona saloni ni ndogo na mlango unagonga kitanda. Hapo dawa ni kubomoa tu, na pesa imekwisha.

Shida hiyo ndiyo ilishughulikiwa na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill, Marekani, katika miaka ya 1980. Walitumia kile kinachoitwa leo uhalisia pepe: picha za ordinatere zinazomzunguka mtu na kubadilika kadiri anavyosogea, mpaka anajisikia yuko ndani ya chumba.

Idara yao ya sayansi ya ordinatere ilikuwa inangoja jengo jipya, Sitterson Hall, lililofunguliwa mwaka 1987. Profesa Frederick Brooks, ambaye mbele ya hapo alisimamia kazi ya mashini za System/360 kwa IBM, aliona nafasi nzuri: jengo lilikuwa kwa plani tu, na watu watakaofanya kazi ndani yake walikuwa palepale. Plani ikaingizwa kwa ordinatere. Mradi ukaitwa Walkthrough, yaani kupita ndani kwa miguu.

Wale waliopita ndani ya picha walisimama kwenye ukumbi wa kuingilia. Ukuta mmoja wa kugawanya ukumbi ulifanya njia ionekane imebana. Wasanifu majengo, wale waliochora plani, hawakukubali. Basi nao wakapitishwa ndani ya picha. Waliposikia wenyewe ule mbano, wakakubali, na ukuta ukasogezwa ungali mstari tu kwenye plani. Tuangalie vizuri: kosa halikuonwa na mwenye kuchora, lilionwa na mwenye kukaa. Plani ni lugha ya waliosomea, na mtu wa kawaida anaona haya kusema hajaielewa. Ndani ya picha anasema tu: hapa pananibana.

Baadaye walitumia mashini ya mkanda unaozunguka chini ya miguu, yenye usukani kama wa baiskeli. Ukipiga hatua, picha inasogea. Ukipinda usukani, unageuka.

Kikwazo kilikuwa mwendo wa mashini. Jengo zima lina kuta na fanicha nyingi, na ordinatere za wakati ule zilichelewa kuchora. Mwanafunzi wa udaktari John Airey alishughulikia hilo katika kazi yake ya mwaka 1990. Jengo linagawanywa chumba kwa chumba, na mashini inahesabu mapema vitu vinavyoweza kuonekana kutoka kila chumba. Ukiwa jikoni, haina haja ya kuchora bafu. Alishughulikia pia mwangaza, namna unavyogonga ukuta mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa sababu chumba hichohicho kinaweza kuonekana kikubwa ama kidogo kwa kutegemea taa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazo likafika dukani. Kampuni ya Matsushita iliwapa wateja wa Tokyo kofia ya picha na glavu ili wafungue kabati za jikoni yao kabla ya kuinunua.

Kumbe miwani hiyo nayo inadanganya kidogo. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba mtu aliyeivaa anakadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo, kwa hiyo anaweza kuomba chumba kipanuliwe bila sababu. Mwaka 2006, Victoria Interrante wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake waliona kosa hilo linapungua sana ikiwa chumba cha ndani ya miwani ni nakala kamili ya chumba ambamo mtu amesimama kweli, na anajua hivyo. Shida ni kwamba mwenye kujenga nyumba mpya hana chumba cha namna hiyo cha kusimama. Wengine pia wanasikia kichefuchefu baada ya dakika chache.

Na kuko mambo ambayo picha haitoi kabisa. Joto la bati saa nane ya mchana halimo, wala kelele za jirani, wala moshi wa makala unaoingia saloni kwa sababu dirisha la jiko limewekwa upande mubaya.