Mto Ruvu: Tegemeo la mikoa mitatu

MKAZI wa Wazo, wilayani Kinondoni, afunguapo bomba lake, maji anayoyakinga hayakuanzia Dar es Salaam. Yameanzia katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro, yakapita mkoa wa Pwani na kusafishwa huko, ndipo yakasukumwa hadi jijini. Jiji hili kubwa kuliko yote nchini linategemea mto ambao chimbuko lake halimo ndani ya mipaka yake.

Mitambo mikuu inayotumia maji ya Ruvu ni miwili. Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959 huko Mlandizi, huyapeleka maji Kibaha, Kibamba na Kimara. Ruvu Chini, ulioanza kazi mwaka 1976 wilayani Bagamoyo, ndio unaohudumia ukanda wa barabara ya Bagamoyo, ikiwamo Bunju, Wazo na Tegeta. Baada ya upanuzi uliofanyika katika miaka ya 2010, Ruvu Juu uliweza kuzalisha lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270. Matangi mapya yalijengwa pia, likiwamo la Wazo, ili maji yawafikie wakazi wa miinuko ambao kwa miaka mingi walitegemea maboza na visima.

Hata hivyo, mtambo hauzalishi maji. Husafisha yale yaliyoletwa na mto. Jambo hilo lilidhihirika Oktoba 2022, mvua zilipokosekana na kina cha Ruvu kikapungua. Uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 hadi takriban milioni 300 kwa siku, na jiji likaingia katika mgawo. Mitambo ilikuwa mizima, lakini mto ulikuwa umepungua.

Wanaoutegemea mto huo ni wengi. Wakulima wa Uluguru hulima kwenye miteremko yake, wafugaji hunywesha mifugo katika mabonde, na wenye mashamba ya umwagiliaji huchota maji kabla hayajafika Mlandizi. Mji wa Morogoro nao hutumia maji ya bwawa la Mindu, lililoko kwenye mto Ngerengere, ambao ni tawi la Ruvu. Kila anayechota juu humpunguzia aliye chini, na Wazo iko karibu na mwisho wa safari hiyo.

Ndiyo maana usimamizi wa maji nchini haufuati mipaka ya mikoa bali ya mabonde, ambayo ni tisa. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayapa matumizi ya nyumbani nafasi ya kwanza, ikifuatiwa na mahitaji ya mazingira, kisha shughuli za uchumi.

Usambazaji wa maji ni kazi ya DAWASA. Mwaka 2003 kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water, lakini serikali ilivunja mkataba mwaka 2005 na kuunda DAWASCO. Mwaka 2018 DAWASCO iliunganishwa na DAWASA. Mamlaka hiyo huhudumia pia miji ya mkoa wa Pwani. Mwaka 2020 ulizinduliwa mradi unaoyatoa maji Kibamba na kuyapeleka Kisarawe. Hivyo Pwani inayotoa maji nayo ikanufaika.

Kwa wakazi wa milimani, mfano unaofaa kukumbukwa ni mpango ulioendeshwa na mashirika ya CARE na WWF huko Kibungo Juu, Uluguru. Wakulima waliolima kwa matuta na kupanda miti ili kuzuia mmomonyoko walilipwa, na DAWASCO ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Hoja yake ilikuwa nyepesi: udongo usiposombwa mlimani, gharama ya kuyasafisha maji bondeni hupungua.

Mwezi Novemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa ujenzi wa bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lililokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili mto usipungukiwe wakati wa kiangazi. Mwezi huo huo ulizinduliwa mradi wa visima virefu Kigamboni, uliolipatia jiji chanzo kingine kisichotegemea Ruvu.

Bwawa hata hivyo huhifadhi kile tu kinacholifikia. Misitu ya Uluguru ikiteketea, litapokea matope zaidi kuliko maji. Kwa hiyo mkulima wa Morogoro, mfugaji wa Pwani na mkazi wa Wazo wana shauri moja la kulijadili: nani achote kiasi gani, na nani alipie utunzaji wa chanzo. Anayekunywa maji bondeni hana budi kushiriki gharama ya kuyalinda mlimani.