Ukaguzi wa plani: namna wanafunzi wa ufundi wanaweza kujitayarisha mbele ya kujenga

Wanafunzi wa Kasongo na Kabambare wanajua defanse, ile siku ya kusimama mbele ya juri na kutetea kazi ya kumaliza masomo. Defanse inakuja mwisho, wakati kazi imekwisha kuandikwa. Kuko mkutano mwingine ambao haujulikani sana huku kwetu. Huo unafanyika katikati ya kazi, mbele ya kununua simenti, mbele ya kukata chuma cha kwanza. Ni ukaguzi wa plani. Hapa tunaeleza ni kitu gani, unasaidia nini, na namna kikundi cha wanafunzi kinaweza kuutayarisha.

Ni kitu gani?

Ni mkutano ambamo wale waliochora plani wanaionyesha kwa watu wengine wenye kujua kazi, lakini ambao hawakuichora. Wale wageni wanatafuta makosa. Hawako pale juu ya kutoa pointi. Mwishoni wanatoa jibu moja kati ya matatu: endeleeni, endeleeni lakini mrekebishe mambo haya, ao rudini kwenye hesabu.

Kwa kazi kubwa, mara mingi kuko ukaguzi wa aina mbili. Wa kwanza unaangalia wazo: tunajenga nini, kwa nani, kwa feza ngapi, na kuko njia gani zingine? Wa pili unaangalia michoro kamili, vipimo na orodha ya vifaa. Nyuma ya ule wa pili ndipo watu wananunua.

Mfano mmoja uko karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza satelaiti ndogo, 1KUNS-PF, kisanduku cha sentimeta 10 kila upande. Satelaiti hiyo ilikuwa itolewe kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na ndani ya kile kituo watu wanaishi. Kitu chochote kinachopelekwa kule kinapita ukaguzi wa usalama hatua kwa hatua. 1KUNS-PF ilitolewa katika anga tarehe 11 Mei 2018.

Juu ya nini ni lazima?

Mwaka 1907, kule Kanada, watu walikuwa wanajenga daraja kubwa la chuma karibu na mji wa Quebec. Mhandisi mkubwa wa kazi, Theodore Cooper, alikuwa amerefusha sehemu ya katikati, kutoka meta 488 hivi mpaka 549. Uzito wa daraja haukuhesabiwa upya kwa wakati. Kulitoka shauri kwamba mhandisi mwingine aangalie zile plani, Cooper alikataa. Ilipoonekana kwamba uzito wa kweli umepita ule wa hesabu, vyuma vingi vilikuwa vimekwisha kutengenezwa, na kazi iliendelea. Tarehe 29 Agosti daraja lilianguka na wafanyakazi juu yake. Watu 75 walikufa.

Cooper alikuwa mtu wa sifa kubwa katika ufundi wa madaraja. Lakini macho ya mtu mmoja hayatoshi, hata kama yana uzoefu. Mtu aliyechora anasoma kile alichotaka kuchora. Mgeni anasoma kile kiko kwenye karatasi.

Namna ya kujitayarisha

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanafunzi wanaotaka kujenga daraja la kupitia watu juu ya kijito, meta 12 kwa urefu, meta 1 na nusu kwa upana.

Kwanza, andikeni masharti kwa nambari. «Daraja liwe la nguvu» si sharti, maana hakuna mtu anaweza kulipima. Nani atapita? Watu kwa miguu tu, ao na pikipiki yenye mizigo? Ikiwa pikipiki inaweza kuingia, hesabuni na pikipiki, hata kama mtaweka kibao cha kukataza.

Pili, tafuteni kimo cha maji. Mtu anayepima kijito wakati wa kiangazi anapima kijito kingine kabisa. Angalieni alama za matope na majani kwenye miti ya kandokando. Ulizeni wazee na mama wanaofua pale: mwaka gani maji yalipanda sana, yalifika wapi? Ulizeni watu watatu, mmoja mmoja, kisha mlinganishe majibu. Mbao za daraja zipite juu ya kile kimo, na nafasi ibaki kwa miti inayoletwa na maji.

Tatu, hesabuni siku ya watu wengi. Msihesabu watu wawili wenye kupishana. Hesabuni siku ya soko, ya ndoa, ya maziko. Wahandisi wengi wanachukua kilo 500 hivi kwa kila meta mraba wakati watu wamejaa. Daraja letu liko na meta mraba 18: ni kilo 9,000, maana yake tani 9, bila kuongeza uzito wa daraja lenyewe.

Ine, tengenezeni orodha ya «ikiwa». Ikiwa bulo moja inakatika, daraja linaanguka lote ao linalala kidogo? Ikiwa mti mkubwa unagonga nguzo? Ikiwa mchwa wanaingia katika mbao? Kwa kila «ikiwa» andikeni kitu mtakachofanya na nani atakiangalia kila mwaka.

Tano, hakikisheni vifaa vinapatikana. Chuma cha kipimo ambacho hakifiki Kasongo kinabaki mchoro tu. Ulizeni bei kwa wauzaji wawili ao watatu na muongeze feza ya usafiri. Fundi akibadilisha kipimo cha chuma sababu kile kingine hakuna, hesabu inaanza upya.

Sita, pelekeni karatasi mapema. Siku 7 mbele ya mkutano, wakaguzi wapate mchoro, hesabu na orodha ya vifaa. Mtu anayeona plani mara ya kwanza ile siku anaangalia rangi za mchoro tu.

Nani wa kualika?

Watu watatu ao wane wanatosha: mwalimu ambaye hakuongoza kazi hiyo, fundi mwenye kujenga kila siku, mtu wa kijiji atakayepita pale. Kama kuko mhandisi wa Office des Routes ao wa chuo kikuu cha Kindu anayeweza kupatikana, hata kwa simu, vizuri zaidi. Kama hakuna mtaalamu karibu, badilishaneni na kikundi kingine: wao wahesabu daraja lenu kuanzia ziro bila kuona majibu yenu, na ninyi muhesabu kazi yao. Majibu yakiachana, mmepata swali la kufuata.

Siku ya mkutano

Mmoja aonyeshe plani kwa dakika 20, asizidishe. Mwingine aandike maswali yote, hata yale yanayoonekana ya kitoto. Hapa si defanse: mtu akionyesha kosa, musishindane naye. Jibu zuri linaweza kuwa: «Hatujahesabu bado, tutaleta jibu siku ya ine.» Jibu la kubahatisha ndilo baya, sababu linaingia katika daraja na linabaki mule.

Mbele ya kuachana, kila swali lipate mtu wa kulijibu na tarehe. Karatasi ile itiwe sahihi na wote, kisha mwalimu aichunge. Maswali yakibaki bila jibu, simenti isinunuliwe.

Chagueni wakati mzuri pia. Kwetu, Juni mpaka Agosti ni miezi ya mvua kidogo, ndiyo ya kuchimba misingi. Ukaguzi ukifanyika mwezi wa tatu ao wa ine, kikundi kiko bado na wiki za kurekebisha hesabu, na kijito kingali kinaonyesha maji yake ya kweli.