Betri za lithiamu katika gari-nyumba: jinsi ya kuinusuru alteneta

Wamiliki wengi wa magari-nyumba nchini Australia wanaziacha betri za zamani za risasi na asidi na kuweka za lithiamu. Badiliko hilo lina faida nyingi. Hata hivyo, likifanywa bila kuugusa mfumo wa kuchaji, linaweza kuiunguza alteneta na kumwacha msafiri njiani, mbali na gereji. Makala haya yanaeleza chanzo cha hatari hiyo na namna ya kuiepuka.

Mambo muhimu

- Betri ya lithiamu huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu kuliko alteneta ya kawaida inavyoweza kuhimili.
- Kinga inayotumika zaidi ni chaja ya DC-DC, inayoweka kikomo cha umeme unaochukuliwa.
- Rilei ya zamani iliyounganisha betri mbili haina budi kuondolewa.

Betri mbili, kazi mbili

Gari-nyumba huwa na betri za aina mbili. Ya kwanza huwasha injini. Ya pili, betri ya makazi, huendesha taa, jokofu, pampu ya maji na vifaa vingine wakati gari limeegeshwa. Alteneta, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huzichaji zote mbili safarini. Ndiyo pia inayolipatia gari lenyewe umeme wa taa, feni, pampu ya mafuta na kompyuta za injini. Ikifa, gari huendelea kwa akiba iliyobaki katika betri ya injini, kisha husimama.

Katika nchi yenye barabara ndefu kama Australia, jambo hilo si dogo. Kutoka Norseman hadi Ceduna, kupitia uwanda wa Nullarbor, ni takriban kilomita 1,200, na njia nzima ina vituo vichache tu vya mafuta.

Kwa nini lithiamu huichosha alteneta

Betri ya risasi hujilinda yenyewe na humlinda aliyeilisha. Kadiri inavyojaa, ndivyo ukinzani wake wa ndani unavyopanda na kiasi cha umeme inachopokea kinavyopungua. Alteneta hufanya kazi kubwa kwa muda mfupi, kisha hupumzika.

Betri ya lithiamu inayotumiwa sana katika magari-nyumba, ile inayoandikwa LiFePO4, haina tabia hiyo. Ukinzani wake ni mdogo sana. Huendelea kupokea umeme mwingi karibu mpaka ijae, hata kwa saa kadhaa mfululizo.

Alteneta iliyoandikwa ampea 120 haikuundwa kutoa ampea 120 kutwa nzima. Kipimo hicho huhusu mzunguko wa kasi na hali nzuri ya kupoa. Inapolazimishwa kutoa kiasi hicho bila kupumzika, joto la nyaya zake za shaba hupita nyuzi 100 za Selsiasi, na vihami vya nyaya pamoja na dayodi huanza kuharibika.

Wakati wa hatari zaidi si ule wa kwenda kasi barabarani, bali ule ambao injini inaunguruma gari likiwa limesimama. Feni inayoipoza alteneta huzunguka pamoja nayo. Mzunguko ukiwa wa polepole, upepo hupungua huku betri ikiendelea kudai umeme. Kuiwasha injini kambini ili kujaza betri za lithiamu zilizounganishwa moja kwa moja ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza alteneta.

Umeme unapokatika ghafla

Kila betri ya lithiamu iliyo bora ina mfumo wa ndani unaoisimamia. Mfumo huo huikata betri pale inapojaa kupita kiasi, inapopata joto kali, au inapochajiwa katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri. Ukataji huo huinusuru betri, lakini unaweza kuiumiza alteneta. Ikiwa alteneta ilikuwa ikitoa ampea nyingi na mzigo ukaondoka kwa kufumba na kufumbua, volti hupanda kwa ghafla. Betri ya injini ikibaki imeunganishwa hufyonza sehemu ya mshtuko huo, ila si kinga kamili: dayodi za alteneta na vifaa vya elektroniki vya gari vinaweza kuharibika.

Rilei ya zamani haitoshi

Magari-nyumba mengi yana rilei inayotazama volti. Zikifika takriban 13.3, huziunganisha betri mbili. Zikishuka hadi karibu 12.8, huzitenganisha. Utaratibu huo uliifaa betri ya risasi, ambayo ikiwa imejaa na kutulia hukaa kwenye volti 12.7 hivi. Betri ya lithiamu iliyojaa na kutulia hubaki kwenye volti 13.3 au zaidi. Kwa hiyo rilei haitambui kwamba injini imezimwa, na betri hubaki zimeungana. Tena rilei haina uwezo wa kupunguza umeme. Kazi yake ni kufungua na kufunga tu.

Chaja ya DC-DC

Chaja hii hufungwa kati ya betri ya injini na betri ya makazi. Huchukua kiasi maalumu cha umeme, hata kama lithiamu ingetamani zaidi, na hutoa volti zinazoifaa, kwa kawaida kati ya 14.2 na 14.6. Mfumo wa betri ukikata ghafla, chaja ndiyo inayobeba mshtuko, si alteneta.

Ukubwa wake uchaguliwe kwa hesabu. Chaja inayotoa ampea 30 kwa volti 14.4 hutoa wati 432. Ikiwa inapoteza sehemu ya kumi kama joto, huhitaji wati 480, ambazo kwa volti 13 ni takriban ampea 37 kutoka kwa alteneta. Jumlisha matumizi ya gari lenyewe, kisha linganisha na uwezo wa alteneta. Mafundi wengi hushauri jumla ya mzigo wa kuchaji isizidi nusu ya uwezo ulioandikwa.

Gharama ya usalama huo ni muda. Betri tupu ya ampea-saa 200 huhitaji karibu saa saba kujaa kwa ampea 30. Anayetaka kasi zaidi anaweza kuongeza paneli za sola, au kuweka alteneta kubwa yenye kidhibiti cha nje kinachopima joto lake na kupunguza uzalishaji linapozidi.

Magari mapya yana suala jingine. Alteneta zao huongozwa na kompyuta, na volti zinaweza kushushwa ili kuokoa mafuta. Kwa magari hayo, chaja iwe ya aina inayopokea ishara ya swichi ya injini, ili isidhani kuwa gari limezimwa.

Kabla ya kumkabidhi fundi kazi

Muulize fundi umeme wa magari maswali haya:

- Je, rilei ya zamani itaondolewa? Ikiachwa sambamba na chaja, umeme utazunguka bure kati ya betri mbili.
- Je, kutakuwa na fyuzi karibu na kila betri, na nyaya zenye unene unaolingana na ampea na urefu wa njia?
- Je, chaja itawekwa penye hewa, mbali na joto la injini?
- Je, betri itawekwa wapi? Kiwango cha AS/NZS 3001.2 cha mwaka 2022 kina masharti kuhusu kuzitenga betri za lithiamu na sehemu ya kuishi.
- Je, betri inazuia kuchajiwa kwenye baridi kali? Swali hili ni muhimu kwa wanaoelekea Snowy Mountains au Tasmania wakati wa majira ya baridi.

Kazi yoyote ya umeme wa volti 230 ndani ya gari-nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni. Kwa upande wa volti 12, mpime alteneta yako pamoja na fundi kabla ya safari ndefu: injini ikiunguruma, betri ya makazi ikiwa imepungua, na mita ikionyesha ampea zinazotoka. Namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kama gari lako liko tayari kwa lithiamu.