Wanafalaki Huona Nyuma Hadi Wapi?

Ukitazama nyota, huzioni zilivyo sasa. Waziona zilivyokuwa mwangaza wake ulipoanza safari. Mwangaza huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado huchukua muda kufika. Kutoka mwezini ni sekunde moja na kidogo. Kutoka kwenye jua ni zaidi kidogo ya dakika 8. Kutoka Kilimia, nyota ambazo wazee walizitazama kujua msimu wa kulima, ni miaka kama 440. Yaani mwangaza wa Kilimia unaouona leo uliondoka huko kabla ujenzi wa Fort Jesus haujaanza mwaka 1593.

Kwa jicho tupu, mbali na taa za mji, wengi wetu huishia Andromeda, kundi kubwa la nyota ambalo mwangaza wake umesafiri miaka milioni 2.5.

Zaidi ya hapo zahitajika darubini, na si mwangaza wote unaoonekana kwa macho. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza nyota kwa miali ya eksirei ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Disemba 1970, ikaitwa Uhuru. Leo darubini ya James Webb, iliyorushwa Disemba 2021, hupokea mwangaza wa infraredi, ule tunaouhisi kama joto. Sababu ni kwamba ulimwengu watanuka, na mwangaza wa kale hunyooshwa njiani hadi jicho lisiuone. Darubini hiyo imeona makundi ya nyota yaliyokuwepo miaka isiyofika milioni 300 tangu ulimwengu uanze. Umri wa ulimwengu ni kama miaka bilioni 13.8.

Je, darubini kubwa zaidi itauonyesha mwanzo wenyewe? La. Kwa miaka takriban 380,000 ya kwanza ulimwengu ulikuwa moto mkali, na mwangaza haukupenya, mithili ya taa ndani ya ukungu. Ulipopoa, mwangaza ukapata njia. Mabaki yake yaligunduliwa Marekani mwaka 1964 na Arno Penzias na Robert Wilson, kama mvumo usiokoma kwenye antena yao. Mwanzoni walidhani ni kinyesi cha njiwa, wakaisafisha, mvumo ukabaki.

Hapo ndipo mwangaza unapoishia. Yaliyo nyuma ya ukungu huo hutafutwa kwa hesabu na dalili nyingine. Kwa hivyo ukitumiwa ujumbe kwamba darubini "imepiga picha ulimwengu ukianza", usiusambaze. Ilichokiona ni nyota za mapema, na hilo pekee ni kubwa.