Pampu ya Babu

Babu alimlaumu fundi mpaka anaingia kaburini. Peugeot 404 yake ilikuwa na moto, alisema. Fundi akaing'oa pampu ya petroli, akafunga kabureta, gari likabaki la kubebea mkaa. Nyumbani kwetu fundi huyo hakutajwa bila msonyo. Mwaka huu, nikisoma kitabu cha matengenezo cha gari hilo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na kesi ya babu.

404 ya pampu ilikuwa na jina. Kwa gari la namna hiyo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na Chris Rothwell walishinda mbio za Safari mwaka 1966 na tena 1967. Pampu yenyewe ilikuwa ya Kugelfischer wa Schweinfurt, Ujerumani, kampuni yenye asili kwa Friedrich Fischer, aliyebuni mashine ya kusaga gololi za chuma mwaka 1883. Naona hapo ndipo penye siri. Waliozoea kusaga gololi hadi iwe duara kamili ndio waliotengeneza pistoni nne nyembamba zinazosukuma petroli, kila moja kwa silinda yake. Kinachozuia petroli isivuje ni chuma kukaa vizuri ndani ya chuma. Na petroli hailainishi kama dizeli, kwa hiyo pampu hulainishwa na oili ya injini.

Nilimpelekea maswali yangu mzee mmoja wa gereji bubu Ilala, aliyeanza kazi akiwa kijana. Viungio vya fito za pedali alivichongesha kwa shaba. "Fito zikilegea, mwanangu, hewa inafuata mguu na petroli inafuata mambo yake." Bomba za nozeli zikipasuka, alikata za breki za lori, zote nne urefu mmoja. Na pistoni je? Alicheka. Mashine ya kukereza ya mjini haikuweza kufikia kipimo kile. Zikishalika, petroli hupenya na kushuka kwenye oili. Alikuwa akichomoa kijiti cha oili na kukinusa. Kikinuka petroli, kazi ya kubuni imefika mwisho, maana oili iliyochujuka inaua beringi, na injini nzima inafuata.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni zinatolewa kwa kibali. Nani angepewa kibali cha pistoni nne za gari lililozeeka? Vitabu ninavyosoma hukiita kipindi hicho uhaba, wakati mwingine kwa sura nzima, na kijiti cha oili hakimo.

Likizo nilipekua stoo ya bibi. Nyuma ya magunia nilikuta kitu kizito kilichofungwa kwa mpira wa ndani wa tairi. Ilikuwa pampu, imelowa oili nzito, matundu yake manne yamezibwa kwa vigingi vya mti vilivyochongwa kwa kisu.

Bibi alisema fundi aliileta mwenyewe, akataka itunzwe mpaka spea zitakapopatikana. Babu hakutoka kumsalimia.