Reli ya Kusini: iling'olewa korosho zikianza kuzaa

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, maji yaliikata barabara kuu pale Somanga, wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam. Malori na mabasi yalikwama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Haikupita miezi miwili, Juni 14, treni ya abiria ya SGR ikaanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na nchi nzima ikashangilia, kusini ikiwemo. Lakini katika vijiwe vya Lindi furaha ile ilikuja na swali: sisi kwa nini hatuna reli?

Vijana wengi wanaouliza hivyo wanaamini kuwa reli haikuwahi kufika huku. Ilifika. Kwa zaidi ya miaka kumi mabehewa ya mizigo yalivutwa na injini za mvuke katika ardhi ya Lindi, kisha Mtwara, hadi Nachingwea na Masasi. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, na vyuma vyake vikang'olewa. Kwa kuisimulia nimeegemea zaidi vitabu viwili vya miaka ya 1950: kile cha Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika lililoendesha mpango wa Waingereza wa kulima karanga, na historia ya reli za Tanganyika iliyoandikwa na M. F. Hill. Wote wawili waliandika reli ikiwa bado hai, kwa hiyo sehemu inayotuuma zaidi hawakuiona.

Ndoto yenyewe ni ya zamani kuliko Waingereza. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikitoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao hadi Kilwa kwa vizazi, na Wajerumani walipoishika nchi waliona faida ya kuifuata njia hiyohiyo kwa reli. Mwaka 1905 Paul Fuchs alichapisha taarifa ya uchunguzi wa reli ya kusini, kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, akipima ni mazao gani yangeijaza. Mwaka huohuo vita vya Majimaji vikaanza katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, wananchi wakikataa kulimishwa pamba kwa viboko. Fedha na nguvu za serikali ya kikoloni zikaenda kwenye Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka huo wa 1905 na kufika Kigoma 1914. Kilwa haikupata hata taruma moja.

Basi mzigo wa kusini uliendelea kubebwa kichwani. Mfano mkubwa kuliko yote ni mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka kwenye kilima kile hadi bandari ya Lindi mabegani na vichwani mwa wapagazi, mwendo wa siku nne kwa miguu, zikapakiwa melini kwenda Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake linastahili kuandikwa kila mara mifupa ile inapotajwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na njia nyembamba ya troli kutoka upande wa Lindi kuelekea Masasi, lakini ule ulikuwa ukokotaji zaidi kuliko ureli.

Reli yenyewe ililetwa na njaa ya Ulaya. Vita vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukazunguka nchi, ukarudi na mpango wa ekari milioni 3.2, sehemu kubwa kabisa ikiwa katika Jimbo la Kusini, nyuma ya Lindi. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliupokea kwa mikono miwili. Zilitarajiwa tani 600,000 za karanga kwa mwaka. Nani angezibeba? Hakuna mpagazi, hakuna lori la enzi zile, wala barabara ya udongo ya masika ambayo ingeweza. Ilihitajika reli ya mizigo, na reli inahitaji bandari.

Hapo ndipo ulipo mvutano ambao mpaka leo haujatoka rohoni mwa watu wa Lindi.

Lindi ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini. Ilikuwa na boma, mahakama, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na mashamba ya katani ya Kikwetu na Kitunda. Kwa mtu wa Lindi hapakuwa na sababu ya kufikiria pengine. Lakini ghuba yake ina kina kidogo. Meli kubwa ilitia nanga mbali, mzigo ukateremshwa kwenye matishari na kuvutwa hadi nchi kavu. Kusini yake, karibu na Mikindani, mji mkongwe wa majahazi ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, kulikuwa na hori lenye kina kirefu cha asili ambapo meli ingeweza kugusa gati. Mahali hapo paliitwa Mtwara. Hapakuwa na mji.

Wahandisi walisema Mtwara, na kwa hesabu ya kina cha maji hawakukosea. Tatizo ni kwamba gati la Mtwara lingechukua miaka, na matrekta ya Nachingwea yalikuwa yanasubiri. Wakubwa wa London walitaka karanga msimu ujao. Basi pakatafutwa njia ya haraka: gati la muda likajengwa Mkwaya, ndani ya mlango wa mto Lukuledi, bara kidogo ya mji wa Lindi. Reli ya upana wa mita moja, sawa na ile ya Reli ya Kati, ikatandazwa kutoka Mkwaya hadi Ruo na kuendelea hadi Nachingwea. Kazi ikafanywa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948.

Kwa kipindi kifupi, kwa hiyo, Lindi ilikuwa na treni. Mkwaya palijaa watu: wapakuzi, mafundi, makarani, magenge ya kushindilia mataruma, wauza uji na wauza samaki. Mwelekeo wa mzigo unaeleza yote yaliyokuwa yakitokea. Mabehewa yaliyokwenda bara yalijaa: matrekta, vipuri, mapipa ya mafuta, saruji, mabati, chakula cha wafanyakazi. Mabehewa yaliyorudi pwani yalirudi karibu matupu. Reli ya mizigo huishi kwa kujaa pande zote mbili. Hii ilikuwa ikilisha mpango ambao haukuwa na kitu cha kuirudishia.

Maana karanga zilikuwa zimekwisha kushindwa. Kongwa, ambako kazi ilianzia, mvua ilikosekana na udongo ukakauka kama tofali. Matrekta ya mitumba yalikufa kwa mamia, na hata vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilivyogeuzwa matrekta havikufua dafu mbele ya visiki vya mibuyu na mizizi ya miti. Nachingwea mvua ilikuwa nzuri zaidi, lakini pori lake lilikuwa zito na zamu yake ilikuja fedha zikiwa zimeisha. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, ikafuta zaidi ya pauni milioni 36.

Sasa linganisheni tarehe. Mpango umekufa 1951. Gati la Mtwara na reli ya kuliunganisha na Ruo vimekamilika 1954. Yaani bandari ya maji marefu na reli ya zaidi ya kilomita 200 hadi Nachingwea vilizaliwa marehemu akiwa ameshazikwa. Na katika miaka hiyohiyo ya 1950 makao makuu ya jimbo yakahamishiwa Mtwara. Lindi ikapoteza reli, bandari na ukubwa wa kiserikali kwa mpigo mmoja, kwa ajili ya karanga ambazo hazikuota. Mkwaya, iliyokuwa imebeba kazi ngumu ya mwanzo, ikaachwa.

Wood alieleza vizuri pupa ya wakubwa: amri kutoka London, vifaa kabla ya utafiti, tarehe kabla ya udongo. Waandishi wengi waliomfuata wameishia hapo, wakaifanya hadithi nzima kuwa ya kushindwa kwa Waingereza. Mimi naona kosa kubwa zaidi kwa kusini lilikuja baadaye, na halizungumzwi vya kutosha.

Reli ile ilihukumiwa kwa mzigo usio wake. Kila mwaka hesabu zake zilionyesha hasara, kwa sababu ilijengwa kubeba tani laki kadhaa za karanga na ikawa inabeba katani, mihogo, ufuta, mbao na korosho chache. Tawi la kwenda Masasi liliongezwa baadaye, likaingia katikati ya nchi ya mikorosho. Lakini mkorosho hauna haraka. Ukiupanda leo, utasubiri miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa vya kutosha, na miti mingi ya wakulima wa Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi ilikuwa bado michanga. Mwaka 1962 reli ikafungwa. Serikali changa ya Tanganyika haikuwa na fedha za kuchezea, na shirika la reli lilikuwa la nchi tatu, likiangalia faida ya mtandao mzima. Nalielewa hilo. Hata hivyo kufunga reli ni jambo moja, kuing'oa ni jambo lingine. Reli iliyofungwa inaweza kusubiri.

Miaka kumi na moja tu baadaye, msimu wa 1973/74, Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, rekodi iliyodumu kwa miongo. Sehemu kubwa ilitoka huku. Mzigo uliokuwa ukisubiriwa tangu enzi za Fuchs ulikuwa umefika, na behewa hakuna. Ulibebwa kwa malori katika barabara za vumbi na matope, na Rufiji ikavukwa kwa kivuko. Daraja la Mkapa halikufunguliwa hadi 2003, na lami kati ya Ndundu na Somanga ilichelewa zaidi ya hapo. Novemba 2018, wanunuzi waliposusa bei, Rais Magufuli aliamuru magari ya jeshi yaende kusini kubeba korosho. Wengi waliyashangilia magari yale. Mimi nilikuwa nawaza treni moja ya mabehewa 30, ingefanya safari ngapi za malori kwa usiku mmoja.

Kumbukumbu ya reli nayo huhitaji watu wa kuitunza. Uingereza wapo watu ambao starehe yao ni kusimama kando ya njia ya reli na kuandika namba za mabehewa ya mizigo yanayopita, kisha kwenda nyumbani kuyatengeneza kwa umbo dogo, behewa la mita 15 likawa sentimita 20. Wanajua breki zake, uzito wake likiwa tupu, rangi yake lilipotoka karakana na kutu yake baada ya miaka kumi. Huku wengine huwaona kama watoto wakubwa. Mimi nawaheshimu. Vichwa vya Garratt vya Afrika Mashariki vinapendwa sana na watu wa aina hiyo, na picha nyingi za reli zetu za zamani ziko mikononi mwao kuliko zilivyo katika maktaba zetu. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971. Sisi Lindi, tulioguswa na reli ya mizigo iliyoandikwa katika vitabu vya dunia nzima, hatuna chumba kimoja chenye picha ya Mkwaya ilipokuwa ikipakua. Waliokuwa vijana katika magenge ya reli ile sasa wamebaki wachache mno. Halmashauri ingeweza kuwarekodi mwaka huu, kwa gharama ndogo kuliko ya sherehe moja ya mwenge.

Habari za miaka iliyofuata ni fupi, kwa kuwa reli yenyewe haipo. Nachingwea ilipata sifa nyingine ilipowapokea wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, na kiongozi wao Samora Machel alianzia hapo safari yake ya ushindi mwaka 1975. Mkoa wa Lindi ulikuwa umeshazaliwa 1971. Upembuzi wa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma kwenye chuma na makaa ya mawe, umefanyika na kutangazwa kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Wakati huohuo mabehewa 1,430 ya mizigo yaliagizwa China kwa ajili ya SGR ya kati, na makaa ya Ruvuma yanakwenda bandari ya Mtwara kwa malori.

Ramani ya reli hiyo mpya inapita Mtwara, Masasi, Tunduru na Songea. Lindi mjini haimo, na Kilwa haimo. Wapangaji wanahesabu chuma na makaa, mzigo mmoja mkubwa unaotarajiwa, kama vile karanga zilivyohesabiwa mwaka 1946. Katika hesabu hiyo naomba viingizwe pia vitu ambavyo vipo tayari: korosho na ufuta wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale, madini ya kinywe ya Ruangwa, jasi ya Kilwa, samaki wa bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, na saruji, mbolea na mafuta vinavyorudi upande wa pili. Wabunge wa Lindi wana haki ya kuomba tani hizo zipimwe na kuchapishwa kabla ramani haijafungwa, tawi la Lindi likiwemo.