Aniceti Kitereza: Riwaya Iliyongoja Miaka Thelathini na Mitano

Tuzungumzapo asili ya riwaya ya Kiswahili, aghalabu nyuso zetu huelekea baharini. Humtaja James Mbotela wa Mombasa na Uhuru wa Watumwa (1934), tukaja kwa Shaaban Robert wa Tanga na Kusadikika (1951), kisha tukavuka kwenda Unguja. Ni nadra kumsikia mtu akianza na kisiwa kisichojua maji ya chumvi. Hata hivyo, katika Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, alizaliwa mwaka 1896 Aniceti Kitereza, aliyemtangulia Shaaban Robert kwa miaka 13, na ambaye kufikia mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuandika riwaya kubwa mno. Wasomaji hawakuipata mpaka mwaka 1980.

Kitereza alitoka katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Utotoni alipelekwa misheni ya Kagunguli, kisha akaingia seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi. Huko alisoma Kilatini, Kijerumani na falsafa. Upadre hakuupata; alirudi ulimwenguni, akamwoa Anna, akafanya kazi kwa wafanyabiashara Mwanza, na baadaye akarejea kisiwani kuitumikia misheni kwa ualimu wa dini na tafsiri. Watoto hawakuwabakia. Mila ingalimruhusu mume wa namna hiyo kutafuta mke wa pili, na wengi walitarajia afanye hivyo. Yeye alikaa na Anna.

Msomaji akilijua hilo ataifungua Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali kwa jicho jingine. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke. Wazazi wake wanaona uchungu, wanakuja kumchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumkomboa, anatozwa pombe ya ndizi kuwa faini, anaitafuta na kuileta. Mganga anawatibu, hatimaye anazaliwa mvulana Ntulanalwo, ambaye jina lake linabeba maana ya kuishi na kifo siku zote, kisha binti Bulihwali. Kisa chenyewe ni hicho tu. Hakuna mzungu, hakuna vita kuu, hakuna mji. Kuna watu wanaosalimiana kwa adabu, wanaolima, wanaovua, wanaopika pombe, wanaougua, wanaozika; na kila jambo limepewa nafasi yake mpaka likamilike.

Wako waliokisoma kitabu hiki kana kwamba ni ghala la mila tu. Kweli, Kitereza alitaka vijana wasiusahau mwenendo wa wazee wao, na Padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, alimtia moyo katika nia hiyo. Lakini angetaka kuorodhesha mila pekee, angaliandika orodha. Alichagua mume anayebeba faini kumfuata mke tasa, naye mwenyewe alikuwa mume wa nyumba isiyo na mtoto. Ndiyo sababu maelezo marefu ya upishi wa pombe hayachoshi: kila mtungi ni hatua moja ya Myombekere kuelekea kwa Bugonoka.

Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kikerewe, na hapo ndipo mashaka yalipoanzia. Nani angechapa kitabu kikubwa kwa lugha ya kisiwa kimoja? Wakoloni walikuwa wamekwisha kukichagua Kiswahili kuwa lugha ya shule na vitabu. Baada ya Uhuru, taifa nalo lilikishika zaidi. Juhudi za Padre Simard hazikufua dafu. Mswada ulikaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, walifika Ukerewe kwa utafiti wa historia, wakakutana na mzee huyu, wakamshauri aufasiri kwa Kiswahili. Alikuwa amepita miaka sabini, viungo vikimuuma. Akakaa, akaifasiri yote kwa mkono wake mwenyewe.

Sisi tunaofanya kazi ya tafsiri tunajua uzito wa jambo hilo. Mfasiri wa kawaida humlalamikia mwandishi. Kitereza hakuwa na wa kumlalamikia. Wakati huohuo Mkerewe mwenzake, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971 moja kwa moja kwa Kiswahili. Kijana alitangulia kitabuni, mzee akiwa bado anangoja.

Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu katika juzuu mbili mwaka 1980. Kitereza alifariki mwezi wa Aprili 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe.

Mwambao una la kujifunza hapa. Kiswahili cha Kitereza hakitiririki kama cha Lamu wala cha Mji Mkongwe. Nyuma yake husikika Kikerewe kikipumua, na maneno mengine ya ziwani yamebaki yalivyo kwa kuwa hayana mwenziwe. Msahihishaji mkali angeyafyeka, na kwa kuyafyeka angetufukarisha. Hapa Michenga, katika bonde la Kilombero, niandikapo makala haya, Wandamba, Wapogoro na Wabena wana majina yao ya samaki wa mto, ya majahazi madogo ya gogo, ya hatua za mpunga tangu kitalu hadi kinu. Mengi ya majina hayo hayajaingia kamusini. Wazee wanayo vinywani, na wazee wanaondoka.

Kitereza hakungoja wakati umruhusu. Aliandika kwanza kwa lugha aliyokuwa nayo, mchapaji akamtafuta baadaye. Kama angeanza kwa kuuliza nani atakichapa, tusingekuwa na Myombekere, na Bugonoka angekaa kwao mpaka leo.